Mjibu Madai Anakana

Kuna sentensi moja ambayo nimeichapa mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe: "Mjibu madai anakana yaliyomo katika aya hii na anamtaka mlalamishi ayathibitishe." Mahakamani huandikwa kwa Kiingereza, lakini maana ni hiyo hiyo. Aya ya nne, anakana. Aya ya tano, anakana. Aya ya sita, anakana kabisa.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Maana yake ni kwamba, miezi ambayo wahariri wamenyamaza, nakaa kwenye saiba moja hapa Nyeri mjini, si mbali na mahakama, nachapa. Barua za chifu, mikataba ya shamba, programu za mazishi, hati za kiapo. Nilisomea fasihi chuoni hadi mwaka wa tatu, kisha karo ikagoma na mimi nikagoma nayo. Kwa hivyo ukiniuliza uhakiki nilijifunzia wapi, nitakwambia nusu darasani, nusu kando ya printa.

Na kama mhakiki, nina neno kuhusu ombi la talaka na jibu lake. Uwakili sina, na hii si makala ya ushauri wa sheria. Lakini maandishi haya ni utanzu kama tanzu nyingine. Yana wahusika, yana ploti, yana mwanzo unaofanana kila mara (walioana lini, wapi, wakajaliwa watoto wangapi) na kilele kinachojulikana. Tofauti ni kwamba msomaji wake mkuu ni mmoja tu, hakimu, na akimaliza kusoma anaweza kubadilisha maisha ya wahusika.

Kilichonifanya nianze kuyasoma hivi ni bahasha ya kahawia. Aliileta mama mmoja mwenye duka la nguo za shule, ambaye ameniuzia sweta tangu nursery. Ni Mhindu, mzaliwa wa Karatina, na Kikuyu chake ni safi kuliko changu. Akibishana bei nawe utatamani kurudi shule. Amekubali niandike haya, mradi nisimtaje jina na nibadilishe mambo mawili matatu, nami nimefanya hivyo.

"Kijana," akaniambia, "nisomee pole pole. Usinifafanulie. Soma tu."

Mume wake alikuwa amewasilisha ombi la talaka.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayogawa ploti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiraia, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kabla yake Wahindu wa Kenya walikuwa na sheria yao peke yao, iliyotungwa 1960, bado tuko koloni, na iliyofuata kwa karibu ile ya India ya 1955. Siku hizi talaka yao iko kwenye kifungu cha 70, na kifungu chenyewe ni kifupi. Kinatoa sababu sita. Ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mwenzako amekutelekeza kwa angalau miaka mitatu. Amehamia dini nyingine. Tangu siku ya harusi amebaka, amelawiti, amezini au amefanya ngono na mnyama. Amekutendea ukatili. Ameonyesha upotovu uliokithiri.

Kisome kama msomaji wa hadithi. Sababu tano kati ya hizo sita zina mtu mbaya. Lazima awepo mtoro, mzinifu, mkatili au msaliti wa dini. Ni moja tu, ile ya kwanza, inayokubali kuwa ndoa inaweza kufa bila muuaji. India yenyewe haijaiweka sababu hiyo kwenye sheria yake ya ndoa hadi leo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilisema inaweza kuvunja ndoa kwa msingi huo, lakini kwa kutumia mamlaka yake maalumu ya kikatiba. Hapa kwetu Bunge liliiandika wazi. Kwa hilo nawapa heko waheshimiwa, na si jambo ninalolifanya kila siku.

Lakini soma maombi yenyewe sasa. Karibu kila ninaloona linadai ndoa imevunjika, kisha linapakia na sababu nyingine juu yake kama manamba anayejaza matatu ya jioni. Naelewa kwa nini. Ukikosa moja, nyingine itakushikilia. Kisheria ni busara, ila kifasihi ni balaa, kwa sababu mtu aliyekuwa mume au mke anageuka kuwa jitu lenye vichwa vinne, na hakuna kichwa kimoja kinachofanana na mtu unayemjua.

Ombi alilonipa mama lilikuwa hivyo. Nililisoma kama ninavyosoma riwaya ya kwanza ya mtu, na kosa lake kuu ni lile la riwaya za kwanza: vivumishi vingi, tarehe chache. Mjibu madai ni mkaidi. Ana hasira. Hajali. Amemsababishia mlalamishi mateso ya akili. Sawa, lini? Jikoni au dukani? Alisema nini? Ukatili usio na siku wala mahali ni neno tu, na hata mawakili wanajua hivyo, ndiyo maana hutakiwa kutoa maelezo ya kila tendo. Hapa maelezo yalikuwa ni vivumishi vile vile, vimepewa namba.

Kisha tukafika kwenye dini. Ilidaiwa kwamba mjibu madai ameiacha imani ya Kihindu na amekuwa akihudhuria ibada za Kikristo. Mama alicheka hadi mteja wa fotokopi akageuka.

Wewe uliyekulia miji hii unajua. Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, mwenye duka asiyekwenda kwenye mazishi ya wateja wake ameshafunga duka, bado tu hajatoa bango. Huyu mama amesimama kwenye matope ya Othaya na Mukurwe-ini akiwa na leso kichwani na kitabu cha nyimbo cha kuazimwa mkononi. Ubeti wa pili anaujua kwa moyo. Ametoa mchango kwenye harambee za paa la kanisa zaidi ya washirika wengine wa kanisa hilo. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, anawasha uvumba mbele ya picha za miungu zilizo nyuma ya kaunta, pale pale tulipokuwa tukijaribu sweta. Hakuna aliyewahi kuona mgongano wowote hapo. Sababu hii ya kuhamia dini nyingine siioni kwenye kifungu cha talaka za Kikristo, wala cha ndoa za kiraia. Wahindu ndio wametengewa. Inachukulia kwamba imani ni nyumba, na kwamba ukionekana kwa jirani basi kwako umehama.

Dai lililomuuma lilikuwa jingine. Mume alihamia Nairobi miaka kadhaa iliyopita, akafanye kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la jamaa zake. Mama hakumfuata. Alibaki Nyeri na duka, na pia na mama mkwe ambaye miguu yake ilikuwa imekataa ngazi. Aya ya tisa ya ombi ilisema kwamba mjibu madai alikataa kata kata kuhamia Nairobi na hivyo akamtelekeza mlalamishi.

Nilirudia kuisoma. Aliyebaki ndiye aliyetoroka.

Neno "kubaki" ni zito kwa watu wake. Baada ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967, wafanyabiashara wasio raia walizuiwa kufanya biashara sehemu nyingi za nchi, na maduka mengi ya Wahindi kwenye miji midogo yakafungwa au yakabadilisha wenyewe. Wengi walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa huko 1968. Familia ya mama ilikuwa na uraia, ikabaki. Ilipofika Julai 2017 na serikali ikatangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, aliniambia dukani kwamba yeye alikuwa ameshahesabiwa zamani na wadeni wake. Huyo ndiye mtu ambaye karatasi inamwita mtoro.

Sasa, je, ajibu? Swali hili si dogo. Kila mtu alimwambia aache. Kesi isiyopingwa husikizwa upesi, unapata uhuru wako, unaendelea na maisha. Na kuna mtego wa kimantiki hapa ambao mwandishi yeyote atauona: ukipinga kwa nguvu kwamba ndoa imevunjika, ule ugomvi wenyewe ndio ushahidi kwamba imevunjika. Ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba watu wawili wanaorushiana karatasi bado wana nyumba moja. Mama hakuwa na ndoto hiyo. Alijua ndoa imekwisha. Alichokataa ni maelezo ya jinsi ilivyokwisha.

Hapo ndipo utanzu wa jibu unapomwangusha mtu. Umbo lake linakupa kitenzi kimoja: kukana. Ukikana yote umesalimika, maana usipokana unaweza kuhesabiwa umekubali. Lakini ukimaliza kukana aya kumi na saba, msomaji anajua nini kukuhusu? Anajua wewe si nani. Kuna njia ya kuongeza ombi lako mwenyewe ndani ya jibu, ukasema upande wako na unachotaka mahakama ikupe, na huko ndiko hadithi inaweza kuingia. Mara nyingi huko nako hunakiliwa vivumishi vya yule mwingine, vikageuzwa uso.

Fasihi yetu ina jibu bora kuliko yote niliyowahi kuchapa, na liliandikwa Uganda. Okot p'Bitek alichapisha Wimbo wa Lawino mwaka 1966. Mume, Ocol, anamdharau mkewe na kila kitu cha kwao. Mke anajibu kwa kitabu kizima. Jambo ambalo walimu wangu hawakulisisitiza ni kwamba Lawino hakani sana. Anakiri. Dansi za kizungu hajui. Jiko la kizungu hawezi kulitumia. Saa ya ukutani haisomi. Kila shtaka analipokea, analigeuza mkononi, kisha anakuonyesha dunia ambamo halina aibu yoyote. Ukifika mwisho, Ocol ndiye anayeonekana mtupu. Okot alimpa nafasi ya kujibu mwaka 1970, na nadhani wasomaji wengi watakubaliana nami kwamba Ocol alikuja na vivumishi tu.

Bombay kulikuwa na mwingine, wa kweli. Rukhmabai aliozwa akiwa na miaka 11, na mwaka 1884 mumewe alimshtaki ili mahakama imlazimishe kwenda kuishi naye. Alikataa. Mwaka 1887 aliamriwa aende kwa mume au afungwe miezi sita, akasema heri jela. Mwishowe, 1888, mambo yalimalizwa nje ya mahakama kwa malipo, naye akaenda Uingereza akasomea udaktari. Yeye pia hakukana kwamba hakwenda. Alisimama juu ya kutokwenda kwake.

Kwa upande wa Wahindi wa Kenya, riwaya inayotajwa zaidi ni ya M.G. Vassanji ya 2003, kuhusu Vikram Lall. Vikram anasimulia akiwa Kanada, na kitabu kizima ni kama hati yake ya kiapo. Dada yake Deepa, aliyempenda Njoroge akaolewa na mwingine, tunamwona kwa macho ya kaka. Naipenda sana riwaya hiyo, na kila nikiisoma natamani Deepa apewe aya zake mwenyewe.

Nilikuwa na haya yote kichwani nilipojitolea kumwandikia mama rasimu ya maelezo yake, apelekee wakili. Na niliharibu.

Niliharibu kwa njia ya Kinyeri kabisa. Kesi maarufu kuliko zote za mji huu ni ya Dedan Kimathi, Novemba 1956: bunduki, risasi, hukumu ya kifo, na kunyongwa Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo waliirudisha jukwaani mwaka 1976, na kwa Kiswahili tunayo kama Mzalendo Kimathi. Kimathi wao ni jabali. Anahutubu, anashawishiwa na kila aina ya msaliti, hatikisiki. Niliipenda nikiwa kidato cha tatu na bado inanisisimua. Lakini mwaka 2017 kumbukumbu za kesi yenyewe zilichapishwa kitabuni, zikihaririwa na Julie MacArthur, na humo kuna mtu mwingine: majeruhi anayeulizwa maswali madogo madogo kuhusu silaha na njia aliyopita, na anayajibu. Tamthilia ilikuwa na haki ya kumpa hotuba, maana faili ilimnyima. Ila mwandishi anayemtetea mtu hushawishika kumjenga kuwa sanamu, na sanamu haina miguu inayouma.

Rasimu yangu ilikuwa sanamu. Nilimfanya mama kuwa mlinzi wa ukoo, nguzo ya jamii, shahidi wa historia ya Wahindi mlimani. Niliweka 1967. Niliweka kabila la 44. Akasoma na miwani yake hadi mwisho, akairudisha mezani.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Mimi naye tumekutana wapi?"

Kesho yake akaja na madaftari ya deni.

Ni yale ya jalada gumu, ya ukurasa mkubwa, na alikuwa na saba. Mwandiko ni wake, namba na maelezo kwa Kigujarati, majina ya wateja kwa herufi za kawaida, maana alisema Kigujarati hakimtoshi kuandika "Nyaguthii". Kila siku ina tarehe. Sweta tatu, deni, atamaliza mwisho wa mwezi. Soksi jozi sita, amelipa. Nusu ya sare ya shule, nusu itafuata kahawa ikilipwa. Miaka yote anayodaiwa kuwa mtoro, yuko hapo, kila siku ya kazi, kwa mkono wake. Na kwenye kurasa za nyuma kuna orodha nyingine: tarehe za kliniki za mama mkwe, dawa, bei ya dawa, nauli ya teksi. Mume hatajwi popote isipokuwa mara chache ambapo imeandikwa kiasi cha pesa alichotumiwa Nairobi kutoka dukani.

Nimesoma vitabu vilivyoshinda tuzo ambavyo havinipi mtu mzima hivyo. Hakuna kivumishi hata kimoja. Hajiiti mvumilivu, ukurasa unaonyesha amekwenda kliniki mara mbili kwa wiki moja na bado kafungua duka. Sheria nayo, kwa mara moja, iko upande wa daftari: Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kama mchango si pesa tu, bali pia kazi za nyumbani, malezi na kusimamia biashara ya familia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Mali ni kesi nyingine, wakili alimkumbusha. Lakini ukiambiwa uonyeshe, ni heri uwe na tarehe.

Tukaanza upya. Alisema kwa Kiswahili, akirukia Kikuyu kila alipokasirika, nami nikachapa kama alivyosema. Mahakama ya hakimu inaruhusu Kiswahili, ingawa wakili alisema ataligeuza liwe Kiingereza kwa kuwa ndivyo faili zote zilivyo. Kuhusu ukatili alikana, kwa sentensi moja. Kuhusu dini aliorodhesha mazishi aliyohudhuria, ya nani na kwa nini, kisha akaandika kwamba uvumba hununua dukani kwa fulani na risiti anazo. Kwamba ndoa imevunjika, alikubali. Hilo lilinishtua kidogo. Nilidhani tunapinga.

Tulipofika aya ya tisa vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza vyenyewe: Mjibu madai anakana.

"Futa," akasema. "Hiyo ni kweli."

Nilimwambia ni hatari. Nilimwambia kukiri kunaweza kutumiwa dhidi yake. Alinitazama kama anavyomtazama mzazi anayesema sweta ya saizi kubwa itamfaa mtoto hadi darasa la nane.

"Si nilikataa? Watu wote wa hii mtaa wanajua nilikataa. Nikisema sikukataa, na hayo mengine nani ataamini?"

Aya yake ikawa hivi, na wakili, ninavyoambiwa, hakubadilisha sana: "Ni kweli nilikataa kuhamia Nairobi. Mama yake alikuwa hawezi kupanda ngazi na nyumba ya huko ilikuwa ghorofa ya nne. Nilimwomba atafute ya chini. Hakutafuta. Nilibaki na mama yake na duka, na nilimtumia pesa. Sikumwacha. Alikuwa anajua nilipo kila siku saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni."

Katiba, kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na inapovunjwa. Kwa hivyo swali la nani anapaswa kumfuata nani liko wazi kujadiliwa, na hakimu ndiye atakayelijibu. Kesi bado haijasikizwa. Huenda akashindwa kwenye aya hiyo hiyo. Mimi nasema tu kama msomaji: ghorofa ya nne ndiyo maelezo ya kwanza katika faili lote yaliyonifanya nione nyumba.

Alitaka nakala mbili za ziada, moja ya wakili na moja ya kuweka kwenye droo ya kaunta. Nilimwambia kurasa ni shilingi kumi kila moja. Akahesabu kurasa mwenyewe, akalamba kidole, akahesabu tena. Kisha akaniuliza kwa Kikuyu kama hiyo ndiyo bei ya mteja wa tangu nursery.

Nilimwachia kwa nane.